UZI: Kinachokufanya utake kuvuta pumzi si kukosa oksijeni (wazamiaji wa pweza na majongoo bahari, piteni hapa)

#1 Mtoto wa Tumbe

Assalaam alaykum wanajamvi.

Wiki iliyopita nilikuwa Pemba kwa harusi ya binamu yangu. Siku ya pili yake mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, kidogo tumzike. Walikwenda watatu kuzamia pweza nje ya mwamba. Akaibuka, akashika ubavu wa ngarawa, akacheka kabisa, mara mkono ukaachia akarudi chini kama nanga. Bahati mwenzake alikuwa bado yuko juu, akamdaka ukosi wa fulana. Alipozindukana hakukumbuka hata kama aliibuka.

Nyumbani maneno yakawa mawili. Wazee wakasema kapigwa na kitu cha baharini. Vijana wakasema hakula asubuhi. Mie nilizamia mpaka nikatimia miaka 22 kabla sijaenda kusomea utabibu, na nikamuuliza jambo moja tu: "Kabla hujazama ulifanyaje?"

Akanionyesha. Akahema kwa nguvu mara thelathini na kitu, fuu, fuu, fuu, kama mvukuto wa mhunzi, ndipo akazama. Kafundishwa na wenzake kwamba hivyo ndivyo mtu "anavyojaza hewa".

Naandika uzi huu kwa sababu hewa hiyo haijazi kitu.

#2 Mtoto wa Tumbe

Tuanze kifuani, tutafika baharini.

Mapafu hayana msuli hata mmoja wa kuyatanua. Anayefanya kazi ni kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu, juu ya ini na tumbo, umekaa kama kawa lililofunika chakula. Ukitaka kuvuta pumzi, kawa hilo linakaza na kushuka, mbavu zinapanda na kutanuka, kifua kinapata nafasi, na hewa ya nje inaingia yenyewe kuijaza. Kutoa pumzi, ukiwa umekaa tu barazani, si kazi hata kidogo: msuli unalegea, mapafu yanasinyaa kama puto. Kwikwi ni kiwambo hicho hicho kinaposhtuka bila ya kuagizwa.

Pumzi moja ya mtu aliyetulia ni kama nusu lita, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwanamme mzima akijaza kifua mpaka mwisho anabeba karibu lita 6. Na hata akitoa yote mpaka tumbo likagusa mgongo, hubaki lita moja na kidogo isiyotoka.

Njia yenyewe mnaijua tangu skuli. Puani hewa inapashwa joto, inalainishwa, vumbi linanaswa. Kooni kuna kidakatonge kinachofunika njia ya hewa unapomeza, ndiyo maana bibi zetu walitukataza kucheka na tonge mdomoni. Halafu koo la hewa, linalogawika kulia na kushoto, na kila tawi likagawika tena na tena, mara 23 hivi, kama mkarafuu uliopinduliwa kichwa chini. Tawi la kulia ni pana zaidi na limesimama wima zaidi, kwa hiyo mtoto akipaliwa na njugu, mara nyingi tunaitafuta pafu la kulia.

Ncha za vitawi vyote ni vifuko vya hewa, milioni 300 hadi 500 kwa mtu mzima. Ukivipasua na kuvitandaza vinafika kama mita 70 za mraba. Chukua mikeka ya mita moja kwa mbili, tandika 35, hizo ndizo ulizozikunja kifuani mwako. Ukuta wa kila kifuko hauzidi sehemu moja ya elfu ya milimita, na ng'ambo yake inapita damu. Hakuna pampu inayosukuma pale. Kila hewa inatoka ilikojaa kwenda ilikopungua: oksijeni inaingia damuni, hewa ukaa inatoka.

Hewa tunayovuta ina oksijeni 21 kwa mia. Tunayotoa bado ina kama 16. Ishikeni hiyo 16, nitaidai baadaye.

#3 Shungi

Nilivyoona "wazamiaji" nikajua ni uzi wa wale waliojificha melini kwenda Ulaya, nikaja mbio. Kumbe ni somo la bayolojia. Basi nakaa, endelea.

#4 Kipanga wa Kojani

Daktari samahani, hapo sikubaliani. Mie nazamia mwaka wa kumi na moja. Nikizama hivi hivi nakaa dakika moja na robo. Nikihema kwanza nakaa dakika mbili. Nimepima kwa saa, si kwa kubahatisha. Kama hewa haijazi, hizo sekunde 45 zimetoka wapi?

#5 Mtoto wa Tumbe

Kipanga, swali lako ndilo uzi mzima. Na mie si daktari, ni tabibu tu, usinipandishe cheo nikadaiwa.

Sekunde ni za kweli. Ulipozipata sipo unapodhani.

Mtu mwenye afya aliyekaa tu, damu yake inayotoka mapafuni imeshabeba oksijeni karibu 98 kwa mia ya inachoweza kubeba. Chombo kimejaa mpaka mdomoni. Hema mara thelathini, hema mara mia, unamimina juu ya chombo kilichojaa. Ila kuna kitu kimoja unakipunguza kwa kasi: hewa ukaa.

Sasa, ile hali ya kifua kuungua na kiwambo kuanza kuruka ukiwa chini, ukaona lazima upande, inaletwa na nani? Kila mtu atasema oksijeni imekwisha. Sivyo. Kwenye shina la ubongo, pale kichwa kinapokutana na shingo, kuna mlinzi anayeonja uchachu wa majimaji yanayouzunguka ubongo. Hewa ukaa ikiyeyuka majini huleta uchachu. Ukizidi kidogo tu, mlinzi anapiga kengele: vuta pumzi! Waliolipima jambo hili vizuri ni John Scott Haldane na mwenzake Priestley, Uingereza, mwaka 1905.

Oksijeni nayo ina mlinzi wake, amekaa kwenye mishipa mikubwa ya shingo. Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kazi yake juu ya huyo. Lakini huyu ni mlinzi wa kulala. Haamki vizuri mpaka oksijeni ya damu ishuke sana, wezi wameshabeba mpaka sufuria.

Kwa hiyo ulipohema mara thelathini ulifukuza hewa ukaa, ukaanza safari na akiba ndogo ya uchachu. Kengele iliyokuwa ilie dakika moja na robo ikalia dakika mbili. Oksijeni haikungoja kengele. Ilitumika kwa mwendo wake ule ule. Sekunde zako 45 zote ni za kengele iliyozibwa mdomo.

Kile kizunguzungu na vidole kufa ganzi unavyovisikia ukihema hivyo, mnaviita "hewa imeingia vizuri", ni dalili za hewa ukaa kushuka mno; kizunguzungu chenyewe ni mishipa ya ubongo inayojibana.

#6 Kipanga wa Kojani

Nimekuelewa nusu. Nusu nyingine: mbona kijana wenu hakuzimia chini? Kazimia keshafika juu, kashavuta pumzi, kacheka.

#7 Mtoto wa Tumbe

Hapa ndipo bahari inapoingia.

Juu ya maji tunabebeshwa uzito wa anga mara moja. Ukishuka mita 10 unabeba mara mbili yake, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Zile lita 6 ulizozama nazo, mita 10 zimekuwa 3, mita 20 zimekuwa 2, mita 30 moja na nusu. Hewa ni ile ile, imebanwa tu. Na hewa iliyobanwa inasukuma oksijeni yake kuingia damuni kwa nguvu zaidi. Ukiwa chini, hata oksijeni ikiwa imebaki kidogo, bado inasukumwa, ubongo unapata, unajiona mzima na unamchokonoa pweza wako.

Unapopanda, mkandamizo unalegea. Kutoka mita 10 mpaka juu unapungua nusu nzima. Zile mita za mwisho ndizo mbaya, maana kifua kinatanuka, msukumo wa oksijeni mapafuni unaporomoka, na inaweza hata kugeuza njia ikatoka damuni kurudi mapafuni. Ubongo unazimwa kama taa. Na ukivuta pumzi ya kwanza juu, damu ile yenye hewa mpya inahitaji sekunde kadhaa kusafiri kutoka kifuani mpaka kichwani. Kijana alicheka ndani ya sekunde hizo.

Hakuna maumivu wala dalili, kengele umeshaiziba mwenyewe. Ndiyo maana wazee wanasema "kapigwa": kwa mtu anayetazama kutoka ngarawani, kweli ni kama kapigwa.

#8 Mkunga wa Wete

Nyie mko baharini, mie nakuja na mtoto mchanga. Mtu tumboni kwa mamake yumo majini miezi tisa, mapafu yamejaa majimaji, hewa anaipata kwa kitovu. Akitoka tu, pumzi ya kwanza inabidi ifungue vifuko vyote hivyo ulivyovitaja. Kuna ute maalumu unaovifanya visigandane, kama sabuni inavyolainisha maji. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, ute huo haujatosha, kila pumzi ni kama kupuliza puto jipya kwa mara ya kwanza. Utamuona mbavu zinaingia ndani, puani panapanuka, anaguna. Mary Ellen Avery, daktari wa Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1959 kwamba tatizo ni ute.

Nasema haya kwa sababu wapo mashoga zangu wanaoikimbia sindano inayotolewa kwa mja mzito mwenye dalili za kuzaa mapema. Sindano ile ni ya kuyakomaza mapafu ya mtoto. Haimharakishi kuzaliwa.

#9 Mama Wawili

Allah akulipe Mkunga. Tabibu, na sisi wenye watoto wa pumu? Wangu wa pili ana miaka saba. Ikimshika, mama mkwe anataka nimfukize, na yeye huku kila jioni anazungusha chetezo cha udi nyumba nzima. Siwezi kumwambia kitu, mnajua.

#10 Mtoto wa Tumbe

Bi Mama Wawili, pole. Kwenye pumu vile vitawi vidogo vinavimba ndani, vinajaa makohozi, na misuli inayovizunguka inabana. Hewa inaingia kwa tabu, kutoka ndiyo tabu zaidi, na mluzi unaousikia ni hewa inayopenya kwenye tundu lililobanwa. Dawa ya kuvuta kwa kopo inailegeza ile misuli. Mvuke wa moto unaweza kulainisha pua iliyoziba, misuli ile hauigusi, na mtoto aliyefunikwa shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka anaweza kuungua. Ikimshika, kopo kwanza, na lisipomsaidia ni hospitali, usingoje asubuhi.

Udi ni moshi. Unukie, usinukie, ni chembe ndogo zinazofika mpaka chini kule, na zinawasha njia iliyokwisha kuvimba. Hivyo hivyo jiko la kuni na makumbi lililofungiwa ndani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kwa moshi wa majumbani tu. Mwambie mama mkwe kwamba tabibu kasema udi ufukizwe kwenye nguo, nje, kwenye tenga, mtoto akiwa kwa jirani. Nisingizie mie, nimezoea.

#11 Mzee wa Darajani

Haya ya moshi mnayakuza. Bi Kidude alivuta sigara maisha yake yote na sauti ilikuwa inatikisa ukumbi mpaka uzeeni.

#12 Shungi

Mzee, Bi Kidude alikuwa mmoja. Wangapi walivuta kama yeye na hatuwajui majina kwa sababu hawakufika uzeeni?

#13 Pweza Mkavu

Tukiwa watoto Makoongwe tulikuwa tunakata bua la jani la mpapai, tunatia mdomoni, tunajilaza chini ya maji tukijifanya manowari. Nikawaza, nikipata mpira mrefu wa bustani si nitakaa mita tatu chini siku nzima? Nikajaribu. Sikuweza hata pumzi moja. Niliona aibu, sikumwambia mtu mpaka leo.

#14 Mtoto wa Tumbe

Hahaha! Usione aibu. Bua la mpapai lilifaa kwa sababu ulikuwa chini kwa shubiri mbili. Mpira unaleta hewa ya juu, yenye mkandamizo wa juu, na kifua chako kiko chini kinabanwa na maji. Kawa lile la kiwambo lazima liinue uzito wote wa maji. Nusu mita tu linachoka. Mita tatu hajaumbwa binadamu wa kuweza. Isitoshe pumzi unayoitoa haifiki hata nje, inabaki ndani ya mpira, unaivuta tena ile ile.

#15 Gome la Mkoko

Na sisi tuliozamia majongoo kwa mashine? Kompresa ile ya kujazia magurudumu, iko botini, mpira unashuka. Hewa inakuja imesukumwa, unakaa chini saa nzima. Mwenzangu mmoja sasa anatembea kwa fimbo, ana miaka 34.

#16 Mtoto wa Tumbe

Ndugu yangu, hiyo ni khatari ya aina yake, na mpeni pole mwenzenu.

Ya kwanza ni hewa yenyewe. Injini ya kompresa inatoa moshi, na upepo ukigeuka, moshi ule unaingia kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na inaing'ang'ania hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni damuni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo hiyo hiyo inayoua waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa.

Ya pili ndiyo iliyompata mwenzako, kwa ninavyokisia. Hewa ina naitrojeni 78 kwa mia, ambayo juu ya nchi haitufanyi chochote, inaingia na kutoka. Ukiivuta chini kwa saa nzima ikiwa imebanwa, inayeyuka damuni na kwenye mafuta ya mwili. Ukipanda kwa haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu. Yakikaa kwenye viungo ni maumivu, yakikaa kwenye uti wa mgongo ni fimbo au kitanda. Haldane yule yule wa 1905 ndiye aliyetoa, mwaka 1908, majedwali ya kupanda kwa vituo, polepole. Wenye mashine botini wangapi wameyaona?

Na ya tatu: mwenye kuvuta hewa ya mashine asipande huku amebana pumzi. Sisi wa pumzi moja, mapafu yakitanuka yanarudi tu kwenye lita tulizozama nazo. Yeye kajaza akiwa chini. Zile lita 6 za mita 10 zinataka kuwa 12 juu, na kifua hakina nafasi hiyo.

#17 Kipanga wa Kojani

Naona leo hatulali. Swali la mwisho langu: wapo watu wameumbwa kwa hili? Maana kwetu kuna mtu namjua, simtaji, anakaa chini mpaka tunaanza kumsomea.

#18 Mtoto wa Tumbe

Wapo Bajau wa Indonesia, watu wa bahari miaka na miaka. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulikuta bandama zao ni kubwa kwa kiasi cha nusu zaidi kuliko za majirani zao wa nchi kavu. Bandama inahifadhi damu yenye chembe nyekundu nyingi, na ukizama inajikamua kuziongeza kwenye mzunguko. Hata wewe na mie tunayo hiyo, pamoja na moyo kupunguza mapigo uso unapoguswa na maji baridi. Lakini bandama kubwa haiwaamshi walinzi. Bajau akihema mara thelathini naye atazimia.

#19 Mama Wawili

Sasa akishazimia mnamfanyaje? Wanangu wanaogelea pale pale.

#20 Mtoto wa Tumbe

Uso nje ya maji kwanza, miwani ivuliwe, kichwa kiinuliwe kidevu juu ili njia ya hewa ifunguke. Wengi huzindukana hapo hapo. Kama hapumui, mpulizie mdomoni huku umembana pua, utazame kifua kikipanda. Hapa ndipo nadai ile 16: pumzi yako unayomtolea bado ina oksijeni ya kumtosha. Asipozindukana, mkandamize kifua mara 30, mpulizie mara 2, endelea hivyo na mwenzako akatafute msaada. Msimning'inize miguu juu, msimbinye tumbo kutoa maji. Kumbinya kunatoa matapishi, na matapishi yanaingia mapafuni.

Na kabla ya yote: wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu anatazama. Ukiibuka, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Kabla ya kuzama pumua kama mtu aliyekaa kunywa kahawa, jaza mara moja, nenda. Kengele ikilia, panda.

#21 Pweza Mkavu

Babu zetu wasiojua Haldane wala bandama walifanyaje? Walizamia miaka yote.

#22 Mtoto wa Tumbe

Wengine hawakurudi, ila hao tuliambiwa wamechukuliwa.

Babu yangu mie alikuwa na kawaida moja iliyokuwa ikituudhi. Kila ukiibuka, kabla hujashika ngarawa, alikuuliza kwa sauti, "Umeona nini?" Lazima ujibu. Jiwe, mchanga, samaki taa, chochote, ila kwa maneno yaliyonyooka. Ukijibu ovyo au ukikawia, alikukamata kwapa akakutia chomboni, na siku hiyo kazi yako ni kufuta maji. Tulidhani ni ukali wa uzee. Leo najua mtu aliyeishiwa oksijeni hushindwa kujibu kwa maneno yaliyonyooka.

Jana nilimpigia simu yule kijana wetu. Nikasikia upepo, yuko pwani. Amekwenda na mwenzake, wanapokezana. Nikamuuliza umeona nini leo. Akasema, "Ami, mchanga tu, pweza hakuna."